Nakshi ya tindikali kwenye upanga: kwa nini herufi zilitoka na meno na kutu ikarudi

Mhunzi mmoja wa Unguja ameniandikia hivi: "Mwalimu, shikamoo. Mimi hufua panga za heshima za maharusi kwa chuma cha springi za lori. Mwezi uliopita niliombwa kuandika jina la bwana harusi na dua fupi kwa hati ya Kiarabu, kandokando ya mfereji wa upanga. Nilipaka rangi ya mafuta, nikachora herufi kwa ncha ya msumari, kisha nikamimina asidi ya betri. Rangi ilivimba ikabanduka, herufi zikatoka na kingo zenye meno, na baada ya wiki tatu kutu nyekundu ilianza kutoka ndani ya herufi ingawa nilikwisha kupaka mafuta. Watu wa kale walifanyaje hata nakshi zao zikadumu? Na upanga huu, je, naweza kuuokoa?"

Marahaba, mwanangu. Umeeleza kazi yako hatua kwa hatua, na hilo limenisaidia kuona mahali kila kosa lilipoingia. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu nikikwambia tu ubadilishe asidi nitakuwa nimekuponya nusu. Kazi hii hufanikiwa au huharibika kabla tindikali haijamiminwa, katika usafi wa chuma, katika kinga unayopaka (rangi au nta inayofunika mahali pasipotakiwa kuliwa) na katika umbo la herufi unazochagua. Tindikali yenyewe hula tu mahali ulipopaacha wazi, na ikiwa ulipaacha wazi ovyo, italeta ovyo uleule na kuuongeza.

Hata hivyo nianze na asidi ya betri, kwa kuwa najua mafundi wengi huikimbilia kwa sababu inapatikana katika kila gereji. Asidi hiyo ni tindikali ya salfa iliyozimuliwa kwa maji, na takriban theluthi moja ya uzito wake ni tindikali yenyewe. Inapogusa chuma, chuma huyeyuka na gesi ya hidrojeni hutoka. Bila shaka uliona mapovu madogo yakipanda kutoka kwenye herufi kama ya soda iliyofunguliwa sasa hivi, na huenda uliyafurahia kama dalili kwamba kazi inakwenda. Mapovu hayo ndiyo yaliyokuharibia. Kila povu huzaliwa chini kabisa, pale rangi inapokutana na chuma, nalo likikua hutafuta njia ya kutokea na kuinua ukingo wa rangi kama kucha inavyoinua ganda la kidonda. Tindikali hupenya kwenye ufa huo, povu jingine huzaliwa ndani zaidi, na rangi huendelea kuvimba. Povu linaloshindwa kupanda na kung'ang'ania chuma nalo huzuia tindikali isifike chini yake, hivyo sehemu moja ya herufi hulika na nyingine hubaki, na hayo ndiyo meno uliyoyaona kwenye kingo.

Liko jambo baya zaidi ambalo macho hayalioni. Atomi za hidrojeni ni ndogo mno, na baadhi yake, badala ya kuungana mbili mbili zikatoka kama gesi, hupenya katika mwili wa chuma. Chuma laini cha nondo hakisumbuki sana, lakini chuma cha springi kilichozimwa, yaani kilichopozwa ghafla kikitoka motoni ili kiwe kigumu, hupoteza uvumilivu wake kikipenywa hivyo, na kinaweza kupasuka kwa kupindwa kidogo tu, pengine saa kadhaa au siku kadhaa baadaye. Kwa upanga utakaochezwa na kutikiswa hewani mbele za watu, hilo si jambo la kupuuza. Na ikiwa asidi yako ilitoka katika betri kuukuu, ndani yake mlikuwa na madini ya risasi, nayo ni sumu isiyotoka mwilini kwa urahisi. Kwa hiyo iache kabisa, isitumike katika nakshi kwa kiasi chochote.

Dawa ambayo wahunzi wengi wa leo huitumia ni feriki kloridi, ile inayouzwa kwa ajili ya kuchongea bodi za shaba za saketi za redio. Kwa hakika ni chumvi ya chuma, ingawa ikiwa ndani ya maji huwa kali kama tindikali. Inauzwa ama ikiwa kimiminika cha rangi ya kahawa nzito, ama ikiwa mabonge ya manjano ya kuyeyusha. Uzuri wake uko katika namna inavyokula. Chuma kilichomo ndani ya chumvi hiyo kimepungukiwa elektroni, hivyo hunyang'anya elektroni kutoka katika chuma cha upanga, na chembe ya upanga iliyonyang'anywa huachana na mwili na kuingia majini. Molekuli mbili za chumvi hutosha kuyeyusha atomi moja ya chuma, na katika tendo hilo hakuna gesi inayozaliwa. Kwa kuwa hakuna povu la kuinua kinga, ukingo wa herufi hubaki pale ulipouchora, na hidrojeni inayoweza kuingia katika chuma ni kidogo mno ikilinganishwa na ile ya asidi ya betri.

Ukinunua kimiminika, kizimue kwa maji ya kiasi sawa unapotaka kuchimba maandishi. Wale wanaotaka tu kuonyesha matabaka ya chuma kilichokunjwa na kuunganishwa motoni hukizimua zaidi, sehemu moja kwa tatu au nne za maji. Ukinunua mabonge, tia mabonge ndani ya maji kidogo kidogo, usimimine maji juu ya mabonge, kwa sababu mchanganyiko hupata joto kali na unaweza kuruka usoni. Vaa miwani ya kufunika pembeni na glavu za mpira mrefu. Chombo kiwe cha plastiki au kioo. Usitumie sufuria ya alumini hata kwa dakika moja, kwani dawa hii huishambulia kwa hasira, na sinki la chuma kisichoshika kutu nalo hulitoboa vidonda. Kwa upanga, chombo bora ninachokijua ni bomba la plastiki la maji taka la inchi nne, lililozibwa chini kwa kizibo chake na gundi na kusimamishwa ndani ya ndoo yenye mchanga ili lisianguke. Upanga ukiwa umesimama wima ndani ya bomba, masimbi ya chuma kilichoyeyuka huteremka chini badala ya kutulia ndani ya herufi. Masimbi hayo yakitulia hufanya kama blanketi, na mchimbo hukoma huku wewe ukidhani unaendelea.

Kabla ya bomba hilo, hata hivyo, kuna kazi ya saa nzima au mbili ambayo nadhani uliifupisha.

Upanga uwe umekwisha kuzimwa, kurudishwa motoni kwa joto la chini ili upunguziwe ugumu wa kuvunjika, na kusuguliwa kwa msasa hadi namba 400 au 600. Ukichora nakshi kabla ya kuuzima, magamba ya moto yatakula kingo zote. Baada ya msasa, ng'oa mafuta. Osha kwa sabuni ya vyombo na brashi, suuza, futa kwa asetoni kwa kitambaa cheupe, badilisha kitambaa, futa tena, na tangu hapo usiuguse kwa kidole kitupu. Kisha fanya jaribio ambalo mimi siliachi kamwe: mwaga maji safi juu ya bapa la upanga, uuinamishe, na utazame. Maji yakitandaa kama kioo kimoja kisichokatika kutoka mgongoni hadi kwenye makali, chuma ni safi. Yakijikusanya kuwa matone au yakiacha kisiwa kikavu mahali fulani, pale pana mafuta, na pale ndipo kinga itakapobanduka. Rangi yako ilivimba kwa mapovu, ni kweli, lakini nina hakika ilianza kulegea mahali ambapo jasho la kidole chako lilikuwa limebaki.

Sasa kinga yenyewe. Rangi ya mafuta ya madukani ni kinga dhaifu, kwa sababu juu hukauka siku moja lakini ndani hubaki laini kwa siku nyingi, na ukiichora kwa msumari haikatiki bali hupasuka, ikiacha ukingo wenye vipande vilivyoinuka. Wachoraji wa tindikali wa Ulaya walikuwa na mchanganyiko ambao hadi leo haujapata wa kuupita kwa kazi ya mkono: nta ya nyuki sehemu mbili, lami sehemu mbili, na ulimbo mkavu wa msonobari sehemu moja, vyote vikayeyushwa pamoja kwa moto mdogo, mbali na ndimi za moto. Nta huipa kinga ulaini ili ikatike bila kupasuka, lami huifanya isipenywe na tindikali, na ulimbo huifanya ishike chuma na iwe ngumu kidogo mkono unapoigusa. Upashe upanga joto kidogo juani au kwa hewa ya moto, upake tabaka jembamba ambalo bado unaona mng'ao wa chuma chini yake, uache upoe, halafu uchore kwa sindano iliyofanywa butu kidogo ili itelezeshe nta bila kukwaruza chuma. Funika pia makali, mgongo na mkia unaoingia katika mpini, kwa kuwa dawa haibagui. Rangi ya kucha inafaa kwa kufunika sehemu pana na kurekebisha makosa, lakini kwa mistari myembamba haipendezi, kwani nayo hupasuka.

Hapa ndipo ningependa tukae kidogo, kwa sababu ndipo hati ya Kiarabu inapodai heshima yake.

Tindikali haichimbi kwenda chini peke yake. Kadiri inavyoshuka, hula pia pembeni, chini ya ukingo wa kinga, kwa kiasi kinachokaribia kina chenyewe. Ukichimba kina cha milimita 0.1, ambacho ni kama unene wa karatasi ya daftari, mstari wako utakuwa umepanuka kwa karibu milimita 0.1 kila upande, yaani mstari uliouchora wa milimita 0.3 utatoka ukiwa na 0.5. Kwa maua na majani hilo halina madhara. Kwa maandishi lina madhara makubwa, na madhara hayo hutegemea kama umechimba herufi zenyewe au umechimba uwanja ukaziacha herufi zimeinuka. Ukichimba herufi, hunenepa. Nukta mbili za herufi ta zilizokaribiana huungana zikawa kistari kimoja. Ukichimba uwanja, herufi hukonda. Nukta uliyoilinda kwa tone la kinga huliwa kutoka pande zote kwa wakati mmoja, na inaweza kutoweka kabisa, tone la kinga likaelea majini bila wewe kujua.

Tafakari maana yake. Jina Jamali huandikwa kwa jimu, alifu na wenzake, na jimu hutofautiana na ha kwa nukta moja tu iliyokaa tumboni mwake. Nukta hiyo ikiliwa, upanga wa bwana harusi hausomeki tena Jamali, unasomeka hamali. Na ikiwa ni maneno ya dua au aya, nukta iliyopotea inaweza kugeuza maana kwa namna ambayo hakuna mtu anayetaka kuibeba kiunoni siku ya ndoa yake. Kwa sababu hiyo mimi huwaambia wanafunzi kwamba katika nakshi ya uwanja uliochimbwa, nukta isipungue milimita moja na nusu kwa upana, na kina kisizidi 0.1. Katika herufi zilizochimbwa, pengo baina ya nukta na nukta liwe angalau mara mbili ya kina unachokusudia, na nusu yake zaidi kwa tahadhari. Jambo jingine, mpe mtu anayesoma hati vizuri aitazame kazi ikiwa bado katika nta, kabla ya tindikali. Nta hufutika na kupakwa upya kwa dakika kumi. Chuma kilicholiwa hakirudi.

Umeuliza watu wa kale walifanyaje. Katika upande wetu huu wa Afrika, mfano ulio karibu zaidi na kazi yako ni panga za Sudani zinazoitwa kaskara, nyoofu, zenye makali pande mbili na mpini wa msalaba. Katika zama za dola ya Mahdi, iliyoanza Muhammad Ahmad alipojitangaza kuwa Mahdi mwaka 1881 na kuvunjwa katika mapigano ya Karari karibu na Omdurman tarehe 2 Septemba 1898, zilitengenezwa kaskara, mikuki na majambia ambayo bapa lake lote limefunikwa kwa maandishi ya tindikali ya hati ya thuluthi, mmojawapo wa mitindo ya mwandiko wa Kiarabu. Ukizitazama, jambo la kwanza linalokupiga ni unene wa herufi. Hakuna mistari ya unyoya. Kila kiharusi ni kipana, nafasi zimepimwa, na maneno hurudiwarudiwa mpaka maandishi yenyewe yakawa kama mkeka uliosukwa. Mimi husoma hapo akili ya fundi aliyejua tindikali yake inavyokula pembeni, akachagua hati inayoweza kuvumilia. Wewe ulichora herufi nyembamba kama za kalamu ya wino, ukaipa tindikali kazi ambayo haiwezi.

Uhabeshi nako kulikuwa na panga zilizopinda, gurade, ambazo nyingi zilitengenezwa Solingen, Ujerumani, zikachorwa kwa tindikali simba wa Yuda na maandishi ya Kiamhari kwa ajili ya watu wa dola. Hizo zina mistari myembamba zaidi, lakini zilitoka katika viwanda ambako kina kilipimwa kwa uangalifu mkubwa, na ndiyo maana nyingi ya nakshi zake ni ganda tu, mng'ao na ufifiaji, usioweza kuhisiwa kwa kucha. Usidhani kina kirefu ndicho alama ya ufundi. Nakshi ya ganda iliyo safi hupendeza kuliko shimo lenye meno.

Huko Ulaya sanaa hii iliota mizizi katika silaha na deraya, yaani mavazi ya chuma ya vitani, kabla ya kuhamia kwenye karatasi. Daniel Hopfer wa Augsburg, aliyefariki mwaka 1536, alikuwa mpambaji wa deraya kwa tindikali, na ndiye anayehesabiwa kuwa wa kwanza kutumia ufundi huohuo kupiga chapa picha kutoka kwenye bamba za chuma. Albrecht Dürer naye alijaribu chuma baina ya 1515 na 1518, na nakala zilizopigwa baadaye kutoka kwenye bamba zake zinaonyesha madoa ya kutu. Nakutajia hilo ili ujue kwamba kutu inayokusumbua iliwasumbua mabingwa pia. Wajerumani walipenda kupaka kinga kwa brashi, wakaacha michoro imeinuka na uwanja umechimbwa, na katika uwanja wakaacha nukta ndogo ndogo za kinga kama punje za mtama. Nukta hizo zilikuwa pambo, ndiyo, lakini pia ziliuvunja uwanja mpana usionekane kama bapa lililoliwa. Kisha walijaza mabonde kwa masizi yaliyokorogwa na mafuta na kuyapasha moto, na weusi huo uliitenga nakshi na mng'ao, tena ukafunika chuma tupu kisiguswe na hewa.

Dawa yao haikuwa feriki kloridi. Ilikuwa siki, chumvi, shabu, na chumvi za shaba au za chuma, zilizopakwa zikiwa rojo na kuachwa kwa saa nyingi. Na hapa nina habari itakayokufaa ikiwa feriki kloridi haipatikani kwako. Mrututu, ule wa buluu wanaonyunyizia wakulima wa kahawa na zabibu, ni chumvi ya shaba, nao ukiyeyushwa katika maji pamoja na chumvi ya mezani, kwa uzito sawa, hula chuma bila mapovu ya kutisha, kwa sababu shaba huchukua nafasi ya chuma na kuganda juu yake kama sifongo jekundu. Ni wa polepole, na lazima uswaki sifongo hilo kwa brashi laini ya meno kila baada ya dakika chache, lakini ukingo wake ni mzuri. Ujaribu kwanza kwenye kipande cha springi hiyohiyo, kwani kiasi kinachofaa hutegemea chuma chako. Shaba yote iondolewe mwishoni bila kubakiza hata wekundu mdogo, maana shaba iliyoshikana na chuma penye unyevu huharakisha kutu.

Utasikia pia watu wakiita kila upanga wenye mawimbi "wa Dameski". Hiyo ni kazi tofauti na yako. Katika chuma kilichounganishwa kwa matabaka, tindikali haichori kitu. Hufunua tu kilichomo, kwa kuwa tabaka lenye nikeli hubaki jeupe na lile lisilo nayo hugeuka jeusi. Mafundi wa keris, majambia ya kisiwa cha Java, hupata tofauti hiyohiyo kwa warangan, yaani madini ya aseniki yaliyokorogwa na maji ya ndimu, na sikushauri uiguse aseniki. Ila jihadhari unaponunua: mawimbi yanaweza kuchorwa kwa kinga juu ya chuma cha kawaida. Sugua sehemu ndogo kwa msasa mpaka mawimbi yapotee, kisha itie dawa tena. Ya kweli hurudi yenyewe, ya kuchorwa haitarudi.

Tukirudi kwenye bomba: tia kipande cha majaribio kwanza, cha chuma kilekile, kilichozimwa vilevile, kilichosuguliwa vilevile. Kitoe baada ya dakika kumi, kisuuze, pima kina kwa kucha au kwa kipimo ikiwa unacho, kirudishe. Joto la pwani linatosha. Dawa ikipashwa zaidi huenda haraka na kuanza kulainisha nta, na fundi wa nta hana haraka. Ukishajua ni dakika ngapi zinakupa kina chako, ndipo utie upanga, na hata hapo uutoe kila dakika kumi, uusuuze kwa maji mengi, na utazame kila ukingo wa kinga kwa lenzi. Ukiona ukingo umeinuka, kausha, paka, ngoja, ndipo uendelee. Hatua hii ina uchovu, lakini mimi sijawahi kujuta kwa kutazama mara moja zaidi.

Kisha kutu. Kutu yako haikutoka nje, ilitoka ndani. Chini ya herufi iliyochimbwa kuna vinyweleo visivyoonekana, na mabaki ya tindikali hujificha humo. Ukipaka mafuta juu yake umeyafungia ndani pamoja na unyevu, yakaendelea kula polepole. Kwa feriki kloridi hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu kloridi huvuta unyevu, kama chumvi inavyolowa mvua ikikaribia. Kwa hiyo, mara tu upanga unapotoka dawani kwa mara ya mwisho, usuuze, kisha uzamishe katika maji yenye magadi, vijiko viwili vikubwa kwa kila lita. Utaona mapovu mepesi. Hayo ni hewa ya ukaa, na yana maana kwamba ukali unauawa. Swaki ndani ya kila herufi. Rudia kwa maji mapya ya magadi mpaka mapovu yasitokee. Ondoa nta kwa tapentaini, osha tena kwa sabuni, kisha mimina maji yanayochemka juu ya bapa lote, mara tatu au nne, au chemsha upanga wote ikiwa una chombo kirefu. Maji ya moto huyeyusha na kutoa chumvi iliyobaki, na chuma kikiwa na joto hukauka chenyewe hadi ndani. Weusi unaobaki chini ya herufi uache, usiusugue. Ndio unaoifanya nakshi isomeke. Sugua uso wa juu tu, kwa msasa mwembamba uliozungushiwa kipande cha mbao bapa ili usizamishe vidole na kulainisha kingo.

Paka mafuta upanga ukiwa bado una uvuguvugu, uache usiku kucha, asubuhi futa na upake nta. Tena mwambie mwenyewe asiuhifadhi ndani ya ala ya ngozi. Ngozi iliyotiwa dawa hubaki na ukali wake na huvuta unyevu wa bahari. Ala ni ya kuvalia, na upanga ulale nje yake, umefungwa kitambaa cha pamba chenye mafuta.

Dawa iliyochoka hugeuka kijani na kuwa nzito. Usiimwage chooni wala ufukweni. Tia magadi mpaka ikome kutoa mapovu, acha masimbi yatulie siku mbili, chuja, kausha masimbi na uyafunge katika plastiki kama taka zenye sumu, hasa ikiwa ulitumia mrututu, kwani shaba huua viumbe wadogo wa baharini hata ikiwa kidogo.

Sasa upanga wa bwana harusi. Kwanza usiupinde wala usiupige kuujaribu ukiwa umeushika mbele ya uso. Ufute mafuta yote, uutie magadi na maji yanayochemka kama nilivyoeleza, halafu uukaushe na uutazame kwa lenzi kuanzia mkia hadi ncha, hasa ndani ya herufi na kwenye kona za mfereji, ukitafuta ufa mwembamba kama unywele. Ukikuta ufa, upanga huo umekwisha, na haki ya mteja ni kufuliwa mwingine. Usipokuta, utie katika oveni ya jikoni kwa joto la nyuzi 200 za Selsiasi kwa saa nne. Dawa hiyo hufaa zaidi ikifanywa ndani ya saa chache baada ya asidi, na wewe umechelewa wiki kadhaa, lakini joto hilo haliudhuru upanga uliorudishwa motoni kwa joto kubwa zaidi ya hilo, nalo litatoa hidrojeni iliyobaki. Baada ya hapo uubane kwenye jiliwa katikati ya mbao mbili, ukiwa umevaa miwani na kusimama pembeni, uupinde polepole kiasi cha upana wa vidole vitatu kwenye ncha, kila upande. Ukirudi mnyoofu bila sauti, una uzima.

Herufi zenye meno huwezi kuzinyoosha, lakini unaweza kuzimeza. Pima kina chake. Kikiwa chini ya milimita 0.2, sugua bapa zima sawasawa, pande zote mbili ili uzito usiegemee, mpaka maandishi yapotee. Bapa la springi lina nyama ya kutosha. Kikiwa zaidi, chora upya herufi nene za thuluthi juu ya zile zile za zamani, pana kiasi cha kufunika meno yote, uache uwanja wa pembeni katika nta, na uchimbe tena kwa feriki kloridi. Jina litakuwa nene kuliko alivyoomba, kwa hiyo mwonyeshe mwenyewe mchoro kwenye karatasi kabla hujaanza, na mpe mtu wa hati ahesabu nukta.